Miche ya Nyanya Inayofia Kitaluni

Nataka kuzungumza nanyi juu ya miche ya nyanya, hasa ile inayotufia kabla haijafika shambani.

Nalipokuwa mwalimu kijana naliwapa wanafunzi wangu kazi ya kitalu cha nyanya, ili fedha za matunda zinunue madaftari ya darasa zima. Mbegu zikaota siku ya saba. Kwa furaha yangu nikaamuru kitalu kinyweshwe asubuhi, na jioni, na tena kabla ya watoto kwenda kulala. Hazikupita siku tano, naliikuta miche imelala chini kama majani yaliyofyekwa, na shina la kila mmoja limesinyaa na kuwa jeusi pale linapogusana na udongo. Bibi mmoja, jirani yetu, alichungulia juu ya ua akaniuliza, "Mwalimu, miche hii wailea au waizamisha?" Sikuwa na jibu. Mwaka ule madaftari hayakununuliwa.

Ugonjwa ule huitwa kinyausi. Huletwa na kuvu, vimelea vidogo vikaavyo udongoni, na udongo uliolowa mno ndiyo karamu yao. Mche ukiisha kuanguka hauna dawa. Kazi yote ni kuzuia. Chagueni mahali pasipotuama maji, wala pasipopandwa karibuni nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na huambukizana maradhi. Inueni tuta kadiri ya inchi 6. Chomeni majani makavu juu yake, joto lipunguze vimelea vya juu juu, na udongo ukiisha kupoa ndipo mpande. Atumiaye debe kuukuu sharti alitoboe matundu chini.

Mbegu zisirushwe kama mtama wa kuku. Choreni mistari, inchi 4 hata 6 kati ya mstari na mstari, mkazifukie nusu inchi tu. Zikiota zikasongamana, ng'oeni nyingine. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa: twauhurumia mche mmoja, tukapoteza ishirini. Mwagilieni asubuhi, ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Na kwanza tieni kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, lirudisheni debe nyumbani.

Lakini si kila mche uangukao una kinyausi. Uliokatwa usiku kama kwa kisu umeliwa na sota. Fukueni kando yake, mtamkuta kiwavi mnene amejikunja. Muueni papo hapo.

Tena kuna miche mirefu, myembamba kama uzi. Hiyo imekosa mwanga. Kichanja cha majani ni kizuri siku za kwanza, ila wengi wetu tukiisha kukijenga twakisahau. Punguzeni kivuli kidogo kidogo. Na mche uliorefuka msiutupe: wakati wa kupandikiza, ufukieni mpaka karibu na majani yake, kwani shina la nyanya huotesha mizizi lifunikwapo na udongo.

Miche huwa tayari kwa juma la nne hata la sita. Juma la mwisho punguzeni maji na kuondoa kivuli, ipate kuzoea jua. Siku ya kuihamisha, lowesheni kitalu kwanza, mkaing'oe na udongo wake, jioni jua likipoa. Mvuta tumbaku na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa, kwa sababu tumbaku yaweza kuleta ugonjwa wa kutia majani mabaka.

Mwaka uliofuata tulipanda tena, tukanywesha asubuhi tu. Yule bibi alikuja uani akaomba miche kumi. Nalimpa kumi na miwili.