Kuhama Kutoka Programu za Kraki: Tuanze na Sesheni za Zamani



Upande wa sheria nitaupitia haraka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile tunayoikimbilia nyimbo zetu zinaporudufiwa, inalinda pia programu za kompyuta. Hilo wengi humu mnalijua. Kinachotukwamisha ni hofu ya kupoteza sesheni.

Hofu hiyo naijua. Studio yangu ilianza kwa chumba kimoja, magodoro ukutani, na programu niliyoletewa kwenye flashi. Aliyeileta alinipa masharti kama ya mganga: zima antivirusi kabla ya kuiweka, na kompyuta isiguse intaneti. Siku nilipoigusisha, programu ikagoma kufunguka. Kwaya ilikuwa nje inasubiri, imeshalipa nusu, na sare wamevaa maana walitaka na picha. Nikatafuta kraki ya toleo jipya. Sesheni ikafunguka bila plugini zake, sauti kavu kama za watu waliofungiwa stoo. Albamu nzima niliimiksi upya kwa gharama yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, okoa kazi. Toa kila traki peke yake kwa WAV ya biti 24, na zote zianzie sifuri, hata kama kinanda kinaingia dakika ya tatu. Vinginevyo utakesha ukitafuta kilipokuwa kinaingia. Toa seti mbili, kavu na yenye efekti, kwa sababu mwangwi ule wa plugini ya kraki huenda usiupate tena. MIDI iweke kando. Tempo iandike kwenye jina la folda. Daftari la studio hupotea, tena hupotea na kalamu yake.

Uende wapi? Anayerekodi mahubiri au matangazo ya redio anatoshwa na Audacity, ambayo ni ya bure. Wapiga biti wameshazoea FL Studio, na leseni yake ina heri moja kubwa: ukilipa mara moja, matoleo yajayo unapata bila kuongeza senti. Ila msikimbilie toleo la bei ya chini kabisa, halirekodi sauti. Kwa studio ndogo inayorekodi waimbaji, mimi nasimama na Reaper. Leseni nafuu ni dola 60, kwa biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na sijui wangapi humu tunazidi hapo. Unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Zikiisha haifungi, inakukumbusha tu kwa kidirisha. Nimewaona wenzangu wanaokibofya kidirisha hicho mwaka wa tatu sasa, huku wakijiita wamehama.

Nisiwacheke sana. Mimi mwenyewe, baada ya kununua leseni, nilikaa karibu mwaka mzima na kompresa ya wizi juu ya kila sauti niliyorekodi. Mtu hununua programu kuu akasahau folda ya plugini. Nilipoitoa kompresa hiyo na kuweka ReaComp, ambayo Reaper huja nayo, hakuna mteja aliyetambua. Niliyetambua ni mimi. Masikio yangu yalichukua wiki kadhaa kuizoea.