Habari Kutoka Shimoni

Mazungumzo ya redio kwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima

Maneno ya kusoma kwanza:
Kekee: chombo cha kutobolea.
Hesi: mistari ya mzunguko iliyochongwa kwenye bomba ili lipate kukazwa.
Msokoto: waya uliozungushwa.

Natumaini mmekwisha kaa, na karatasi hii iko mbele yenu. Leo tutazungumza juu ya mafundi wanaochimba visima vya mafuta na gesi, na jinsi wanavyopata habari kutoka mahali ambapo jicho halifiki.

Fikirini kisima chenye kina cha mita 3,000. Hakichimbwi kwa jembe wala kwa sururu. Kekee yenye meno magumu hufungwa kwenye ncha ya bomba la chuma, nayo huzungushwa ikitoboa mwamba. Bomba moja lina urefu wa mita 9 hivi. Kekee ikizama, bomba jingine hukazwa juu ya lile la kwanza kwa hesi, kisha jingine, na jingine tena. Kwa kisima hicho yatahitajika mabomba zaidi ya 300.

Wakati wote huo, pampu husukuma matope maalum. Matope hushuka ndani ya mabomba, hutoka penye kekee, kisha hupanda nje ya mabomba yakileta juu vipande vya mwamba. Yana kazi nyingine kubwa zaidi: uzito wake huzuia gesi na mafuta yasipande kwa ghafula.

Hapo ndipo penye hatari. Nguvu ya gesi ikishinda uzito wa matope, gesi huingia kisimani na kupanda. Ikifika juu ikakutana na cheche, huwaka. Kwa hiyo fundi anataka kujua mapema: Je, nguvu ya kusukuma huko chini ni kiasi gani? Joto je? Kekee inaelekea wapi? Vipimo vya kumjibu viko karibu na kekee. Lakini majibu yatapandaje?

Njia iliyozoeleka ni kutumia matope yenyewe. Umepata kubana mpira wa maji kwa mkono? Ukibana na kuachia, maji hushtuka. Huko chini kuna kifaa kinachobana na kuachia matope, na mishtuko hiyo husomwa juu kama alama. Ni njia nzuri, lakini ni ya polepole. Alama zinazopita kwa sekunde moja ni chache, mara nyingi kumi hivi au pungufu. Tena pampu zikizimwa, matope husimama na habari hukatika.

Labda utauliza, “Kwa nini wasipitishe waya wa umeme?” Swali zuri. Lakini kumbuka kwamba mabomba ni zaidi ya 300, na kila moja hukazwa na kufunguliwa mara nyingi. Kila panapoungwa, waya ungepaswa kukatwa na kugusanishwa upya, katikati ya matope, chumvi na mchanga. Penye uchafu na maji, ncha za waya hazigusani vizuri.

Dawa yake ilitokana na jambo la zamani. Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma akazungushia misokoto miwili ya waya, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Waya hizo hazikugusana. Alipopitisha umeme katika msokoto wa kwanza, sindano ya kipimo kwenye msokoto wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Umeme uliotulia haukufanya kitu. Ni kule kubadilika kwa umeme kulikobadilisha nguvu ya sumaku, na sumaku ikaamsha umeme upande wa pili.

Sasa turudi kwenye bomba letu. Kila bomba lina mwisho wa dume, unaoingia, na mwisho wa jike, unaopokea. Katika kila mwisho mafundi huchonga mfereji wa mviringo na kutia ndani yake msokoto wa waya. Waya mwingine, uliokingwa vizuri, hupita ndani ya bomba kuunganisha misokoto hiyo miwili. Mabomba yakikazwa, msokoto wa dume hukaa uso kwa uso na msokoto wa jike. Kwa kuwa yote ni ya mviringo, si lazima bomba lisimame upande fulani. Umeme unaobadilika haraka hupita kwa njia ya sumaku, bila waya kugusa waya.

Mabomba ya namna hii yalitengenezwa huko Provo, katika jimbo la Utah, Marekani. Hupitisha alama 57,000 kwa sekunde moja, hata pampu zikiwa zimezimwa. Lakini kila panapoungwa, nguvu kidogo hupotea. Ndiyo sababu katikati ya mabomba huwekwa vifaa vyenye betri vya kuongeza nguvu. Tena, kiungo kimoja kikiharibika, habari zote za chini yake hukoma. Ni kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo: mmoja akiondoka, maji hayafiki.

Je, chombo peke yake chatosha? Hapana. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, gesi ilipanda kisimani ikalipuka kwenye mtambo ulioitwa Deepwater Horizon. Watu 11 walikufa. Siku hiyohiyo kisima kilikuwa kimepimwa, na vipimo vilionyesha nguvu isiyo ya kawaida. Walioviangalia waliamua kwamba kisima ni salama. Alama zilifika juu, ila hazikueleweka. Habari iliyofika ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya msomaji.

Sasa chukueni kalamu mjibu maswali haya:

1. Matope yana kazi gani kisimani? Taja mbili.
2. Kwa nini waya wa kugusana haufai kwa mabomba haya?
3. Sindano ya Faraday ilitikisika wakati gani?
4. Bomba moja likiwa na mita 9, kisima cha mita 1,800 kinahitaji mabomba mangapi?

Someaneni majibu yenu kwa sauti, na anayejua amsaidie mwenzake. Kwaherini.