Nyongo Ikiwa na Mawe
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Burat)



Tukichinja mbuzi, sote tunajua kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini. Tunakitoa polepole, maana kikipasuka nyama inakuwa chungu. Binadamu naye anacho, chini ya mbavu za kulia. Kinaweka nyongo, na tukila mafuta kinajikamua ili yasagike.

Mara nyingine nyongo inaganda na kuwa mawe, mengine kama mchanga, mengine kama kokoto. Wengi wanayo bila kujua, na asiyeumwa kwa kawaida hapasuliwi. Shida inaanza jiwe likiziba njia.

Mama mmoja wa kikundi aliumwa miaka miwili. Akila nyama ya mafuta jioni, usiku tumbo la juu linamkaba, maumivu yanaenda mgongoni na bega la kulia, anatapika, halafu baada ya saa chache yanapoa. Akanunua dawa za vidonda vya tumbo. Akachomwa ngozi kwa chuma. Lakini moto haufiki kwenye jiwe! Alipofika hospitali macho yalikuwa ya manjano na mkojo kama chai ya rangi. Jiwe lilikuwa limeteremka na kuziba mfereji wa nyongo.

Kipimo chenyewe ni altrasaundi. Hakina sindano, ila mtu aende bila kula. Kinaonyesha mawe, na pia vile vifuko vya maji kwenye ini vinavyotokana na minyoo ya mbwa, ambavyo AMREF na KEMRI walianza kampeni dhidi yake Turkana mwaka 1983. Maumivu yanaweza kufanana, lakini tiba ni tofauti. Basi tusibahatishe.

Dawa ya mawe yanayouma ni upasuaji. Daktari anatoa kifuko chote, kwani akitoa mawe peke yake yanaweza kurudi. Kazi hii ilifanywa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882. Siku hizi hospitali zenye vifaa hupitisha kamera kwenye matundu madogo, na mgonjwa huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kwingine hupasua chini ya mbavu, na mgonjwa hulazwa siku zaidi. Mtu anaishi vizuri bila kifuko. Nyongo inatoka kwenye ini moja kwa moja hadi utumbo.

Mama yetu alifunguliwa mfereji kwanza, kisha kifuko kikatolewa. Kwa kuchelewa, gharama iliongezeka na mbuzi wakauzwa.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Maumivu yakirudi-rudi, mtu apimwe mapema. Yakija na homa au macho ya manjano, aende siku hiyo hiyo. Kila mmoja ajisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na aliyepasuliwa tumtekee maji, maana mtungi wa lita 20 si wake kwa wiki kadhaa.