Kutu Haifichwi kwa Rangi

(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wafanyakazi wenzake, Gongoni)



Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni kuchomelea mabehewa katika karakana ya reli. Nimekuja nyumbani kwa likizo, naye Bwana Mwenyekiti akaniambia, "Likizo hailiwi bure, simama utufundishe kitu." Basi nitasema juu ya jambo ninalolijua, nalo ni kutu ya magari na namna ya kuitibu kwa moto.

Reli haikufika Gongoni, lakini kutu imefika bila tikiti. Ninyi mfanyao kazi katika mashamba ya chumvi mwajua sababu kuliko mimi. Katika kila lita moja ya maji ya bahari mna chumvi kiasi cha gramu 35. Maji hufungiwa katika mabwawa, jua huyakausha, chumvi hubaki. Lakini upepo ukivuma huchukua chembe za chumvi na kuziweka juu ya kila chuma: jembe, baiskeli, paa na gari. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na chuma kilicholowa huliwa. Maji matamu hula polepole, ya chumvi hula upesi.

Sasa nawapa habari ya gari la mjomba wangu. Mjomba anayo Peugeot 404. Vijana huenda hawaijui, lakini wazee wanaikumbuka. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, nayo ilishinda mashindano ya Safari mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968. Mjomba huitumia kuchukua maharusi, na wenye harusi huipenda.

Nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone gari, nimelitia rangi mpya."

Kweli liling'aa. Nikapiga magoti, nikagonga kwa kidole ubavu wa chini ya mlango. Chuma kizima hulia, hiki hakikulia. Nikachukua bisibisi nikabonyeza, ikaingia hata mpini. Ndani nilikuta fila, na nyuma ya fila magazeti yaliyosokotwa, nayo yamelowa. Fundi mmoja alikuwa amelipwa pesa nzima kwa kuziba tundu kwa karatasi.

Mjomba akakasirika, tena si kwa fundi bali kwangu mimi. "Nimetoa pesa, harusi imebaki wiki mbili, nawe wanitobolea gari!"

Nikamwambia, "Niwie radhi, mjomba. Si mimi niliyelitoboa. Lilikuwa limetoboka, ila lilivaa kanzu."

Ndugu zangu, hapa ndipo penye neno. Lori lina fremu yake chini, na bodi huwekwa juu ya fremu. Peugeot 404 haina fremu ya namna hiyo, bodi ndiyo mifupa yake. Sakafu na zile mbavu mbili za chini ya milango ndizo zinazobeba mzigo. Fila haibebi kitu. Mbavu zikioza gari hulegea katikati, milango haifungi sawasawa, na likigongwa ubavuni hakuna cha kumkinga aliyekaa ndani. Na mle ndani angekaa bibi arusi na mama yake.

Mwisho mjomba alikubali. Tulilipeleka gari kwenye kibanda cha kuchomelea kando ya barabara, na kazi tuliifanya hivi.

Kwanza, tuliuondoa moto katika njia ya petroli. Tulifungua nyaya za betri, tukatoa viti na mazulia, tukashusha tangi la petroli na kulipeleka mbali. Wengi hudhani tangi tupu ni salama. Sivyo. Petroli iliyobaki kidogo hutoa mvuke, mvuke ukichanganyika na hewa hulipuka. Tuliweka ndoo za maji na mchanga karibu, na mtu mmoja kazi yake ni kutazama tu. Alibaki akitazama hata baada ya sisi kumaliza, maana cheche hujificha.

Pili, tulikata mpaka chuma cheupe. Hapa fundi asione huruma. Ukichomelea juu ya kutu, moto haushiki, hutoboa tu. Tundu la shilingi moja laweza kukatwa mpaka likawa la sahani.

Tatu, kiraka. Tulikata kigezo cha karatasi ngumu, kikikaa sawa ndipo tukakata bati la chuma cheusi lenye unene wa milimita moja. Msitumie bati la kuezekea nyumba, ijapokuwa ni rahisi kupatikana. Limepakwa zinki, nayo zinki huchemka kwa digrii 907, hali chuma chataka kama digrii 1,500 ndipo kiyeyuke. Basi kabla chuma hakijashika, zinki imekwisha kuwa moshi. Aliyeuvuta moshi ule usiku hushikwa na homa na kutetemeka kwa baridi, akadhani ni malaria, kumbe ni kazi yake.

Nne, tulichomelea kwa matone. Bati la gari ni jembamba, na ukivuta mstari mmoja mrefu joto hulipinda likawa kama wimbi. Tone hapa, tone upande wa pili, ngoja lipoe, kisha jaza katikati. Mashine ya waya mwembamba yenye gesi ndiyo bora. Elektrodi nene hutoboa, na moto wa aseteleni waweza kutumika kwa mkono uliozoea, ila joto lake huenea zaidi.

Tano, tulisaga kwa kiasi, tukapaka rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani ya ubavu tukamimina mafuta mazito. Yale matundu madogo ya chini yaliyowekwa na kiwanda tuliyaacha wazi, maana ndimo maji yatokeamo. Ukiyaziba umeifungia kutu nyumba.

Sasa nina neno la pili, nalo ni zito kuliko gari. Pale kibandani palikuwa na kijana mwanafunzi wa kazi. Nilimwona akichomelea geti kwa kufumba macho na kugeuza uso. Nikamwuliza, "Kinga ya uso iko wapi?" Akajibu, "Kaka, mwenye kibanda anayo moja, nayo ni yake." Usiku ule kijana hakulala. Macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga, machozi yakamtoka mpaka alfajiri. Mwanga ule huunguza jicho bila kuumiza saa ile ile, maumivu huja baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo watu hudhani hawakuumia, nao hurudia kesho.

Ndugu wanachama, mbavu za gari nimeweza kuzikata na kuzitia mpya. Jicho la kijana yule sina bati lake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vyombo vya kujikinga vinavyofaa. Si hisani wala zawadi ya sikukuu. Basi kila tawi na liulize, miongoni mwetu ni nani anayechomelea bila kinga, bila glavu, ndani ya moshi? Majina yaandikwe, yapelekwe kwa mwajiri kwa sauti ya wote. Mmoja akiuliza ataitwa mkorofi, lakini wote wakiuliza watajibiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mtataka kujua habari ya harusi. Kazi ilichukua siku 17, na bibi arusi alichukuliwa kwa gari la kukodi. Mjomba alininunia siku nne. Siku ya tano alitoka peke yake asubuhi, akainama kwa shida, akagonga ubavu wa gari kwa kidole. Ukalia. Akaniita tunywe chai.

Kila mwenye gari hapa naye agonge lake leo, na kila Jumamosi alioshe chini kwa maji matamu. Kinga ya yule kijana nimeinunua mimi, lakini sikupaswa kuinunua mimi.