Mwandishi Mgeni Apewe Jembe



Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yaeleza vema jinsi waandishi wanavyopokewa katika Chuo Kikuu cha Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi nchini Marekani.

Mwaka 1936 chuo hicho kilianzisha karakana ya waandishi, ambamo hadithi au shairi huhesabiwa kuwa kazi ya kustahili shahada. Mwanafunzi huwagawia wenzake nakala za andiko lake, nao hulisoma, kisha hulichambua mbele yake. Kwa desturi ya karakana hiyo, mwenye andiko hukaa kimya akisikiliza. Hapo majivuno hupungua, na sentensi legelege hufichuka.

Mwaka 1967 Paul Engle, mshairi wa Iowa, na Hualing Nieh, mwandishi mzaliwa wa China, walianzisha mpango wa kuwaalika waandishi wa mataifa mengine. Tangu hapo wamefika waandishi kutoka nchi zaidi ya 150. Peter Nazareth, mzaliwa wa Uganda, alifika mwaka 1973, akabaki kufundisha. Mgeni huandika, husoma kazi yake hadharani mbele ya wanafunzi na wenyeji wa mji, na hujibu maswali yao. Hilo ndilo jembe lake.

Lakini yafaa kuuliza mpini umeshikwa na nani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za mpango huo ilitoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mapema mwaka 2025 serikali hiyo ilizikata, kwa hoja kwamba hazilingani tena na vipaumbele vyake. Mpango haukufa, ila ulilazimika kupunguza shughuli. Mfadhili hutoa kwa haja yake, na haja yake ikibadilika hufunga mkono.

Basi fundisho ni kujitegemea. Wanafunzi wengi hukutana na mwandishi wa Kiswahili katika swali la mtihani tu, ingawa huenda anaishi mkoa huo huo. Kumwalika shuleni kwahitaji nauli, chakula cha siku moja, na wanafunzi waliokwisha kusoma kitabu chake. Hakuhitaji fedha za taifa lingine. Walimu wa Kiswahili na maofisa elimu waliweke jambo hili katika ratiba za mihula, na mgeni asiachwe kutoa hotuba tu: asome, aulizwe, naye asikilize maandishi ya vijana.