Jembe Si Adhabu: Niliyojifunza Katika Shamba la Jumuiya

(Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa vijana wetu katika kikao cha vijana na wazazi, baada ya Swala ya Asri. Tumeiandika kama ilivyosemwa, ila tumefupisha hapa na pale.)



Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu, kaka na dada. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha katika mwezi huu mtukufu. Mimi sikuja hapa kama shekhe. Mashekhe wetu wapo, na elimu ya dini tunaichukua kwao. Nimeombwa nizungumze juu ya likizo moja niliyojitolea kwenye shamba la jumuiya, na jinsi nilivyoanza bustani nyumbani. Nitasema kwa ufupi, maana najua futari inatungoja na mama zangu wengine wameacha vyungu jikoni.

Ndugu zangu, hebu tuulizane. Tulipokuwa shule, ukichelewa ulipewa nini? Jembe. Ukipiga kelele darasani? Jembe. Na ukifeli mtihani jirani anasema, “Huyu sasa atakwenda kulima.” Basi kijana anakua akiamini kwamba mkono wenye udongo ni mkono wa aliyeshindwa. Neno langu leo ni moja tu: jembe si adhabu, na sisi kulidharau kunatugharimu.

KWA NINI NILIKWENDA

Nilimaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 2023. Mnakijua kipindi kile. Mtihani umekwisha, matokeo bado, kazi hakuna. Unaamka unakwenda barazani, unarudi kula, unarudi barazani. Na hapa Pwani sote tunajua baraza la namna hiyo huleta nini. Wapo rafiki zetu walioanza kwa kukaa tu, leo wamemezwa na unga. Wengine tumewazika.

Shamba lenyewe liko upande wa Kwale. Ni kama ekari moja, kiwanja cha wakfu kando ya madrasa. Kilikaa miaka mingi kikiota magugu na kutupwa taka, mpaka kikundi cha akina mama na wazee wachache wakaomba ruhusa wakilime. Wanapanda mchicha, sukuma wiki, bamia, kunde, mnavu, biringanya na mihogo. Mboga nyingine huuzwa kulipia mbegu na maji, nyingine hupelekwa kwa wajane na mayatima wa mtaa, na zinazobaki hugawana wale waliolima. Tulikwenda vijana saba kujitolea.

MVUA ILIPOKUJA

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilituangusha hapa nchini. Ng'ombe walikufa, watu walilala njaa. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño. Maji hayakujua pa kwenda. Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River, kote kulikuwa na mafuriko, na barabara zilikatika.

Sisi tulikuwa wiki ya pili tu shambani. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi tulipofika, matuta ya mchicha hayakuonekana. Kitalu cha sukuma wiki kilikuwa matope matupu. Wenzetu wawili walirudi nyumbani siku ile ile, na hawakuja tena. Mimi nilidhani wazee watalia. Mzee mmoja akavua viatu, akapanda suruali magotini, akasema, “Haya, tuchimbe mitaro.”

Tulichimba siku nne. Mitaro ikakata mteremko kwa upana ili maji yapunguze mbio, na udongo uliotoka tukauinua kuwa matuta marefu, yapata futi moja kwenda juu. Tukapanda upya. Mvua ikaja tena, ikachukua nusu. Tukapanda mara ya tatu, na hiyo ndiyo iliyosimama.

Tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo darasani tangu mdogo. Lakini kulisikia ni kitu kimoja, na kumwona mzee wa miaka sabini akipanda mchicha kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja ni kitu kingine.

UDONGO HUTENGENEZWA

Jambo la pili nililojifunza ni juu ya udongo. Wengi wetu husema, “Pwani ni mchanga tu, hapaoti kitu.” Ni kweli mchanga haushiki maji. Lakini udongo hutengenezwa, jamani.

Kule shambani tulifanya mboji. Unaweka majani makavu chini, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi na jivu kidogo, unanyunyizia maji, unaanza tena mpaka lundo lifike kiunoni. Unafunika. Katikati unachomeka kijiti kirefu. Baada ya siku chache ukikichomoa kikiwa na joto, jua kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Unageuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa joto letu hili, baada ya miezi mitatu hivi unapata mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Na asiyeamini kwamba udongo hutengenezwa, apande matatu aende Bamburi. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu: mvinje, mnazi na mti mwingine wa nchi kame. Majani ya mvinje yakaanguka lakini hayakuoza, mpaka wakaletwa majongoo. Naam, majongoo haya haya tunayoyakanyaga! Yakala yale majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale ni msitu, panaitwa Haller Park, na watoto wa shule huenda kutembea. Kama mwamba umekuwa msitu, ua wa nyumba yako utashindwaje kutoa mchicha?

THAMANI YA MAJI

Jambo la tatu. Mvua zilipokatika mwezi wa Januari, tulianza kuchota maji kisimani. Ndoo kwa ndoo, asubuhi baada ya Alfajiri na jioni baada ya Asri. Siku ile ndipo nilipofahamu kwa nini zaka ya mazao imewekwa viwango viwili. Mazao yaliyokua kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa taabu hutolewa nusu ya hiyo, moja ya ishirini. Namna inavyohesabiwa na mazao gani yanaingia, waulizeni mashekhe. Mimi nasema tu kwamba sheria yetu ilikwisha kuuona mgongo wa mchota maji.

Na tukifika mwisho wa mwezi huu, kila mmoja wetu atatolewa zakatul-fitri, pishi ya chakula. Ukiwa umewahi kulima, ile pishi unaishika kwa namna nyingine. Unajua ndani yake mna mgongo wa mtu.

ANZA NA GUNIA MOJA

Sasa mtaniambia, “Sisi tunaishi Majengo, tunaishi nyumba za kupanga, shamba tutalitoa wapi?” Swali zuri. Nami niliporudi nyumbani sikuwa na shamba. Nilikuwa na gunia.

Kilimo cha gunia si jambo geni Kenya. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa shida kule Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités lilianza mwaka 2008 kuwafundisha watu kupanda mboga katika magunia milangoni mwao. Kama Kibera kwenye msongamano ule imewezekana, hapa kwetu pia inawezekana.

Fanya hivi:

1. Tafuta gunia la kilo 90. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

2. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto. Jaza udongo pembeni. Kisha vuta kopo juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Kokoto zile ndizo njia ya maji kufika chini.

3. Toboa matundu ubavuni, yaachane shubiri moja. Penyeza miche ya sukuma wiki iliyokaa kitaluni wiki nne hadi sita. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40, na juu unaweza kupanda bamia.

4. Mwagilia juu ya kokoto asubuhi na jioni. Maji ya udhu yanatosha. Weka beseni chini ya bomba, usiyaache yaende mtaroni.

5. Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyizia jioni.

Na mkitaka matokeo ya haraka, pandeni mchicha. Wiki tatu au nne unachuma. Ukipanda mwanzo wa Shaabani, Ramadhani inakukuta una mboga ya daku mlangoni. Nyumbani kwetu sasa tuna magunia sita. Sitasema kwamba hatununui mboga, tunanunua. Lakini Ramadhani bei zinapopanda sokoni, mama yangu hatumi mtu sukuma wiki. Na kuku wa jirani akidonoa moja mbili simfukuzi kwa hasira, maana tumefundishwa kwamba kinacholiwa na ndege, mnyama au mtu katika ulichopanda ni sadaka yako. Ila nimeweka uzio, msinielewe vibaya!

MAOMBI YANGU

Nina maombi matatu, kisha nikae.

Kwa vijana: likizo ijayo jitoleeni hata wiki mbili mahali panapolimwa. Msiende kupiga picha. Nendeni mkashike jembe mpaka viganja vitoke malengelenge, na mkae na wale wazee muwaulize.

Kwa wazazi: tafadhalini, msitutishie na shamba. Mkisema “usiposoma utalima,” mnatufundisha kudharau chakula na kumdharau anayekilima. Semeni “soma, na kulima ujue.”

Na kwa wazee wetu wa kamati za misikiti na madrasa: tazameni viwanja vyetu. Vipo vinavyoota magugu huku majirani zake hawana cha kupika. Kaeni na wanaohusika, mtoe ruhusa kwa maandishi, muweke utaratibu wa nani analima na mazao yanakwenda wapi, ili pasije pakatokea ugomvi. Sisi vijana nguvu tunazo. Kule Kwale wanaojua mitaro ichimbwe wapi na mbegu ipi ivumilie jua ni wazee wanne tu. Tusipokwenda kujifunza sasa wangali hai, tutakuja kununua elimu hii kwa bei kubwa, au tusiipate kabisa.

Mbegu za mchicha na mnavu nimekuja nazo, ziko pale mlangoni katika vikaratasi. Kila nyumba ichukue kimoja, bure. Sharti ni moja: mkivuna, acheni mmea mmoja utoe mbegu, mwakani mlete na nyinyi vikaratasi vyenu tuwagawie wengine.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, na abariki kazi ya mikono yetu. Amin.