Maji ya Kijiji Yapangwe kwa Miaka Ishirini

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi kijiji cha wakulima kinavyopaswa kupanga maji yake kwa muda mrefu, na sehemu ambayo chama cha msingi kinaweza kuchukua katika kazi hiyo. Huenda mwanachama akauliza maji yanahusianaje na chama kilichoundwa kwa ajili ya mazao. Jibu lake ni fupi. Jamaa inayopoteza nusu ya siku kutafuta maji hubakiwa na nusu ya siku ya kulima. Kahawa haimenywi wala haioshwi bila maji. Na fedha za mazao zinazoishia kwa wauza maji wa mikokoteni haziwezi tena kununua mbolea.

FUNZO LA MIAKA ILIYOPITA

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa, mabomba yalitandazwa na mitambo ilifungwa, na maji yakatolewa bure. Nia ilikuwa njema na kazi iliyofanyika haikuwa ndogo. Hata hivyo mwaka 1991 ulipofika shabaha ilikuwa bado mbali, na miradi mingi iliyojengwa ilikuwa imesimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mafundi. Wanakijiji waliona mtambo ni mali ya Serikali, wakaingoja Serikali ije kuutengeneza.

Kwa sababu hiyo Sera ya Maji ya mwaka 1991, na zaidi ile ya mwaka 2002, ilitaka watumiaji wachangie gharama na kuiendesha wenyewe miradi yao. Funzo lililopatikana ni hili: siku ya ufunguzi ndiyo mwanzo wa mradi, na kijiji ambacho hakikupanga miaka inayofuata siku hiyo kimejenga kumbukumbu tu. Kupanga huko kuna hesabu tatu, na hakuna hata moja inayomshinda katibu anayeweza kufunga vitabu vya msimu.

HESABU YA KWANZA: MAJI YA KIANGAZI

Chemchemi hupimwa kwa debe la lita 20 na saa. Maji yote huelekezwa kwenye bomba moja, debe hukingwa, na sekunde huhesabiwa mpaka lijae. Uchukuliwe mfano wa kijiji chenye chemchemi bondeni. Mwezi wa Aprili, masika yamekolea, debe hujaa kwa sekunde 10. Hizo ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Mwezi wa Oktoba debe lile lile hujaa kwa sekunde 20, na maji ya siku ni lita 86,400. Kijiji kinachopanga kwa kipimo cha Aprili hujidanganya, maana mwanadamu hunywa maji Oktoba pia. Kipimo cha kupangia ni kile cha mwisho wa kiangazi, tena cha miaka kadhaa, kwa kuwa viangazi havilingani.

Ikumbukwe pia kwamba chemchemi hutoka mchana na usiku. Bila tangi la kukusanyia maji ya usiku, sehemu kubwa ya lita hizo hupita bure. Wazee wa Upare walilijua jambo hili zamani. Katika mabwawa yao yaitwayo ndiva walikusanya maji usiku, na kulipokucha wakayafungulia mashamba kwa zamu.

HESABU YA PILI: WATU WAJAO

Kiwango cha chini kilichowekwa na Sera ya mwaka 2002 ni lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Kijiji cha mfano kina watu 2,000, nao huhitaji lita 50,000. Kina ng'ombe 800. Wakipewa lita 25 kila mmoja, ni lita 20,000 nyingine. Jumla ni lita 70,000, na chemchemi hutoa lita 86,400 hata mwezi wa Oktoba. Mkutano utapiga makofi na kusema maji yanatosha.

Lakini Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka tangu ile ya mwaka 2012. Kijiji kikiongezeka kwa kadiri hiyo, baada ya miaka 20 kitakuwa na watu 3,750 hivi. Mahitaji yao, pamoja na ng'ombe wale wale 800, yatakuwa karibu lita 114,000 kwa siku. Chemchemi haitaweza. Na upungufu hautangoja mwaka wa ishirini: mara tu miaka 9 itakapokwisha, mahitaji yatakuwa yameifikia chemchemi, na kuanzia mwaka wa kumi kila Oktoba itakuwa na foleni. Mtoto anayezaliwa mwaka wa ufunguzi atakuwa bado shule ya msingi.

Kijiji kinachoijua hesabu hii mapema kina nafasi ya kutenda. Kinaweza kutafuta chanzo cha pili, kuchimba lambo la mifugo ili ng'ombe waondoke kwenye maji ya watu, au kukinga maji ya mapaa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ghala la chama lenye paa la mita za mraba 200 hupokea lita 10,000 kwa mvua ya milimita 50, ijapokuwa kiasi fulani hupotea njiani. Kijiji kisichoijua hugundua upungufu pale kinamama wanapoanza kulala kisimani.

HESABU YA TATU: FEDHA ZA MTAMBO UJAO

Kila mtambo una siku yake ya kufa. Chukulia pampu yenye bei ya shilingi 12,000,000 inayotarajiwa kufanya kazi miaka 10. Kila mwaka inakula shilingi 1,200,000 za uhai wake, yaani shilingi 100,000 kila mwezi. Kijiji chenye kaya 400 kikigawana fedha hizo, kila kaya hutoa shilingi 250 kwa mwezi, mbali na gharama za uendeshaji. Kijiji kisichoweka akiba kitalazimika kudai shilingi 30,000 kwa kila kaya kwa siku moja, na pampu haichagui kufa wakati wa malipo ya mazao. Aidha, bei hupanda, kwa hiyo kiwango cha mchango hakina budi kuangaliwa upya kila mwaka.

Wapo watakaosema ada ndogo ndiyo huruma kwa maskini. Hoja hiyo isikilizwe, kwa sababu ada inayomfukuza mjane kwenye koki humrudisha mtoni. Dawa yake ni mkutano wa kijiji kuwataja kwa haki wasioweza kulipa na wengine kubeba sehemu yao. Kuishusha ada ya wote chini ya gharama si huruma. Mtambo ukisimama, mwenye punda au baiskeli hufuata maji mbali, na mjane yule yule ndiye hukosa kabisa.

MAHALI PA CHAMA

Kwa Sheria ya mwaka 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na katika kijiji huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chama cha msingi kisinyang'anye kazi hiyo. Hata hivyo chama kina vitu ambavyo chombo kichanga huwa hakina: mazoea ya stakabadhi, daftari na ukaguzi, na fedha zinazopita mikononi mwake wakati wa msimu.

Hapa panahitaji hadhari. Wanachama wakikubali, chama kinaweza kukusanya mchango wa maji wakati wa malipo ya mazao, mfuko wa mkulima ukiwa haujakauka. Lakini makato yasiyoamuliwa na mkutano mkuu ni sumu, na wakulima wanayo kumbukumbu ndefu ya makato. Kila senti ionekane kwenye stakabadhi ya mwanachama, iwekwe katika akaunti ya chombo cha maji, na isikopeshwe kununulia mazao hata kwa wiki moja.

Chama nacho ni mtumiaji. Chenye mtambo wa kumenyea kahawa kipate kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, wala kisirudishe maji machafu ya kahawa mtoni, kwa kuwa walio chini nao wana watoto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mwanachama anayelima hapo aambiwe na wenzake, hata akiwa mjumbe wa bodi.

YA KUFANYA

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu anashauriwa, kwa kushirikiana na viongozi wa kijiji na chombo cha maji, kufanya mambo manne. Kwanza, afungue daftari la maji na kuandika kipimo cha chanzo kila mwezi. Pili, ahesabu kaya na mifugo, na kukadiria idadi ya miaka 10 na miaka 20 ijayo. Tatu, aulize umri na bei ya kila mtambo, na akiba iliyopo benki. Nne, asome tarakimu hizo mbele ya wanachama wote, zikiwa nzuri au mbaya.

Mifereji ya Kilimanjaro iliishi vizazi vingi kwa sababu kila mwenye zamu ya maji alikuwa na zamu ya jembe pia, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Mabomba na pampu zimekuja na ufundi mpya, lakini sharti ni lile lile. Haba na haba hujaza kibaba, na debe la Oktoba hujazwa na maamuzi yaliyofanywa miaka mingi kabla.